Staa wa "Sosi ya Nyumbani", Andika Soda Kwenye Lebo!

Kuna staa mmoja wa mapishi mtandaoni, jina kapuni, ambaye siku hizi anawauzia watoto wa mjini Mwanza "sosi ya BBQ ya nyumbani". Chupa ndogo, lebo kali, bei imechangamka: Sh12,000. Mpaka hapo hakuna kesi. Mjini kila mtu anatafuta hela.

Kesi imeanzia kwenye video yake mwenyewe. Alitinga kwenye jiko la nyama choma la mama mmoja kule Nyakato, akachovya kipande kwenye sosi ya ukwaju, akakunja uso mbele ya kamera. Eti hayo ni "maji ya ukwaju", mambo ya kishamba, watu wanunue sosi yenye hadhi. Kisha akahamia jikoni kwake kuionyesha hiyo hadhi. Tomato ya dukani, soda nyeusi, sukari vijiko kadhaa, dakika tano kwenye moto, kwisha habari. Jamani! Hiyo ni tomato iliyobadilishiwa nguo.

Cha kuchekesha, hata anachokiigiza hakijui. Marekani kwenyewe hakuna sosi moja ya BBQ. Kansas City wanapika nzito ya nyanya na molasi. Mashariki mwa North Carolina ni siki na pilipili, nyanya hawataki hata kuiona. South Carolina wana yao ya haradali. Kila watu walichukua kilichokuwa karibu nao, ili uchachu, utamu na ukali vikate mafuta ya nyama. Nyakato uchachu huo ni ukwaju. Ushamba uko wapi hapo?

Na yule mama hachemshi maji. Nyanya zake zinachomwa kwenye mkaa uleule wa nyama mpaka ganda liwe jeusi, na moshi unaingia hapohapo. Ukwaju unalowekwa kwenye maji moto, unakamuliwa, unachujwa. Vinaungana na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, chumvi na sukari guru, inayoleta ule utamu mzito ambao wenzake wa Kansas City wanaupata kwenye molasi. Halafu ni moto mdogo na mwiko mkononi, mpaka sosi ing'ang'anie kijiko. Mteja anawekewa kwenye kibakuli pembeni ya nyama, bila kuongezewa hata mia.

Hakuna anayemkataza staa kutumia tomato ya dukani. Wapishi kibao wanaanzia hapo, na mtu akisema ukweli, mteja ataamua mwenyewe. Shida ni kwamba neno "nyumbani" limegeuzwa kuwa sababu ya kupandisha bei. Chupa yenyewe haina orodha ya viungo, haina tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi. Mwenye kisukari atajuaje kuna soda humo? Tumbo likivuruga, ataulizwa nani?

Wala asijitetee kwamba njia haipo. Tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na TBS, na mjasiriamali mdogo ana SIDO ya kumshika mkono kwenye usindikaji, ufungashaji na lebo. Wapo akina mama wanaopitia njia hiyo na pilipili zao, karanga zao na unga wao wa lishe, tena bila wafuasi lukuki wala wapiga picha. Yeye mwenye vyote hivyo anashindwaje?

Mama wa Nyakato hana lebo, ila jiko lake liko barabarani na kila mteja anaona kinachoingia sufuriani. Staa naye, kama anajiamini, aandike viungo vyote kwenye chupa, soda ikiwemo. Halafu aone wangapi watatoa hiyo Sh12,000.