Goma: Chuma cha Kijapani kipo kwenye kisu au kwenye jina tu?

Katika mtaa wa Murara, komine ya Karisimbi mjini Goma, kisu cha kukunja ni chombo cha kazi. Fundi wa umeme anachubulia nyaya, mwenye chukudu anakatia kamba za mzigo, mama anayeuza mananasi anamenyea mbele ya mteja. Anayekwenda kukinunua hukutana na maneno mawili: inoksi na Japani. La kwanza linaahidi kwamba kisu hakitashika kutu. La pili linaahidi kwamba kitakata kwa muda mrefu. Maneno hayo yakiwa yamechorwa kwenye bapa, bei nayo inapanda.

Swali linalomhusu mnunuzi ni hili: je, analipia chuma au analipia maandishi? Si swali dogo katika mji ambao benki zake zilifunga milango baada ya AFC/M23 kuuteka mwishoni mwa Januari 2025, na ambako feza taslimu imekuwa ya kutafutwa. Dola chache zinazopotea kwa kisu kibovu ni chakula cha siku kwa jamaa nyingi.

Wapenzi wa visu wanatafuta nini

Marekani, Ulaya na Japani kwenyewe kuna watu wanaokusanya visu vya kukunja kama wengine wanavyokusanya saa. Kwao, kitu cha kwanza kuulizwa si umbo wala rangi ya mpini, ni aina ya chuma. Na vyuma vya Kijapani vimekaa mbele kwa miaka mingi.

Kinachojulikana zaidi ni VG-10, kinachotengenezwa na kampuni ya Takefu katika jimbo la Fukui. Kina kaboni karibu asilimia 1, kromu karibu asilimia 15, na kobalti kidogo, karibu asilimia 1.5. Kampuni ya Kimarekani ya Spyderco imekitumia kwa muda mrefu katika visu vyake vinavyotengenezwa Seki, mji wa Japani ulioishi kwa kufua panga na visu tangu enzi za kale. Kisu kimoja cha namna hiyo huuzwa Marekani kwa karibu dola 100.

Chini yake kuna AUS-8 cha kampuni ya Aichi Steel. Kaboni yake ni ndogo, karibu asilimia 0.75, kwa hiyo hakikai na makali muda mrefu kama VG-10, lakini hunoleka kwa urahisi na bei yake ni nafuu. Juu kabisa kuna ZDP-189, kutoka viwanda vya Yasugi vilivyokuwa vya Hitachi Metals, kampuni ambayo tangu 2023 inaitwa Proterial. Hicho kina kaboni karibu asilimia 3 na kromu karibu asilimia 20. Yasugi pia hutoa Aogami na Shirogami, maana yake karatasi ya buluu na karatasi nyeupe, majina yaliyotokana na rangi ya karatasi iliyofungiwa chuma hicho. Hivyo viwili hukata kama wembe, ila hushika kutu.

Kwa hiyo hata huko kwenye feza hakuna chuma kinachoshinda kwa kila kitu. Mnunuzi anapima mambo matatu: ugumu unaotunza makali, uvumilivu unaozuia bapa lisivunjike au kumeguka, na kinga dhidi ya kutu. Akiongeza kimoja, mara nyingi anapunguza kingine. ZDP-189 hukaa na makali muda mrefu sana, lakini ikigongwa kwenye mfupa inaweza kumeguka, na kuinoa kwa jiwe la kawaida ni kazi ya kutoa jasho.

Kobalti hutoka Kongo

Kuna jambo ambalo msomaji wa Kivu hawezi kulipita kimya. Kobalti iliyo ndani ya VG-10 ni madini ambayo Kongo hutoa kwa wingi kuliko nchi yoyote: zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka hapa, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka. Tangu tarehe 16 Oktoba mwaka huo, katazo hilo lilibadilishwa kuwa viwango maalumu: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027.

Visu vinakula sehemu ndogo mno ya kobalti hiyo. Nyingi huenda kwenye betri. Lakini mfano unabaki. Madini yanatoka Kongo yakiwa ghafi, na thamani inaongezwa kwenye tanuru za mbali. Kisha Mukongomani anaulizwa bei ya kisu chenye jina la kigeni, na mara nyingi hata hicho si chenyewe, ni nakala.

Resori ya Land Cruiser

Chuma cha Kijapani chenyewe kimejaa Goma, ila hakiko kwenye meza ya muuza visu. Kiko chini ya magari. Land Cruiser za mashirika ya misaada, Hilux za wafanyabiashara na lori za Fuso zinazobeba makala na viazi zote hubebwa nyuma na resori za bapa. Barabara za mawe ya volkano huvunja resori hizo bila huruma, na vipande vinaishia kwa wauza vyuma chakavu na wahunzi.

Chuma kinachotumika sana Japani kwa resori za aina hiyo hujulikana viwandani kama SUP9. Kina kaboni kati ya asilimia 0.52 na 0.60, na kromu chini ya asilimia 1. Si chuma cha kujivunia kwa wakusanyaji wa visu, lakini kina uvumilivu mkubwa: kinapinda na kurudi, hakivunjiki ovyo. Kwa panga la shamba au kisu cha mchinjaji, sifa hiyo ni bora kuliko ugumu wa ZDP-189. Na kuna jambo la kuchekesha kidogo: Aichi Steel, wanaotengeneza AUS-8 ya visu, ni kampuni ya kundi la Toyota. Mteja anayemdharau muhunzi wa resori kisha akatafuta AUS-8 dukani huenda anazunguka ndani ya nyumba moja.

Hapa inafaa kuweka tahadhari mbili. Kwanza, si kila resori ya Toyota imetoka Japani. Nyingi zilibadilishwa na vipuri vilivyotengenezwa China, India au Uturuki. Muundo wa chuma unaweza kuwa wa jamaa moja, lakini hakuna anayeweza kuapa. Pili, chuma ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni moto. Resori ikikatwa na kusagwa tu bila kutiwa moto upya, itakata, ila itapoteza makali haraka, kwa sababu kiwandani iliachwa laini ili ipinde. Muhunzi anayeijua kazi huipasha mpaka inakuwa nyekundu kwa kiasi kinachofaa, huizamisha katika mafuta ili iwe ngumu, kisha huirudisha kwenye joto dogo ili isiwe ya kuvunjika kama kioo. Akiruka hatua hiyo ya mwisho, kisu kitapasuka siku ya kwanza.

Ujuzi huo si mgeni katika ukanda huu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao kuhusu Wahaya wa Kagera, Tanzania, ng'ambo ya Rwanda, ambao mababu zao waliyeyusha chuma chenye kaboni katika tanuru za udongo miaka zaidi ya 1,500 iliyopita. Kilichopungua leo ni soko linalomlipa muhunzi kwa kazi nzuri kuliko kazi ya haraka.

Mvua ya Nyiragongo na jiwe la kunolea

Je, basi mkaaji wa Murara aache inoksi anunue resori? Si rahisi hivyo. Goma iko kando ya ziwa, na moshi wa Nyiragongo una gesi za salfa zinazoifanya mvua kuwa na asidi. Wakaaji wanaona matokeo yake kwenye mabati ya nyumba zao. Kisu cha resori kikiachwa na maji usiku mmoja, asubuhi kina madoa mekundu. Kwa mama anayekata matunda yenye uchachu, au muuza samaki, chuma chenye kromu nyingi kina faida ya kweli. Kwa mchinjaji anayepangusa kisu chake na kukipaka mafuta kila jioni, kutu si tatizo kubwa.

Jambo la pili ni kunoa. Wapenzi wa visu huko nje wana mawe ya almasi na vifaa vya kupima pembe ya makali. Murara, wengi wananoa kwa tupa, kwa jiwe, au wanampelekea fundi mwenye mashine ya kusagia vyuma. Mashine hiyo ndiyo adui mkubwa wa kisu kizuri. Makali yakipata joto mpaka yanageuka rangi ya buluu, ule ugumu uliolipiwa umekwisha, hata kama chuma kilitoka Fukui. Ndiyo sababu chuma cha wastani kinachonoleka kwa jiwe la nyumbani mara nyingi kinamfaa mtu kuliko chuma cha ajabu asichoweza kukinoa.

Namna ya kupima kabla ya kulipa

Jaribio la sumaku linaeleweka vibaya. Wengi wanaamini kwamba inoksi ya kweli haishikwi na sumaku. Hiyo ni kweli kwa vijiko na sufuria nyingi, lakini kwa kisu mambo yanageuka. VG-10 na AUS-8 zote hushikwa na sumaku. Bapa lisiloshikwa hata kidogo huenda ni chuma cha vijiko, ambacho hakiwezi kufanywa kigumu kwa moto. Litang'aa miaka kumi bila kukata.

Tupa mpya inasema kweli zaidi kuliko maandishi. Ikipitishwa taratibu karibu na mgongo wa kisu na ikateleza, bapa ni gumu. Ikiuma na kutoa unga, bapa ni laini. Katika kisu cha kukunja kuna pia kiungo: bapa likifunguliwa lisicheze kushoto na kulia, na likifungwa makali yasiguse chuma cha ndani ya mpini. Neno Japani lililochorwa bila jina la kiwanda wala aina ya chuma halithibitishi chochote.

Kisheria, kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini ni ya OCC, ofisi ya Kongo ya udhibiti. Lakini mipaka ya Goma iko mikononi mwa utawala ambao Kinshasa haiutambui, na katika hali hiyo mnunuzi wa kisu cha bei ndogo anabaki mkaguzi wa mwisho.

Chombo au silaha

Kuna upande mwingine usioweza kufichwa. Katika mji uliochoshwa na wizi wa usiku, kijana anayekutwa na kisu cha kukunja mfukoni anaweza kudhaniwa vibaya kabla hajaeleza kazi yake. Japani yenyewe ilipitia jambo hilo. Mwaka 1876 serikali ilikataza watu kutembea na panga, na wafuaji wengi wakageukia visu vya jikoni na vyombo vya kazi. Baadaye, mjini Miki, kikaanza kutengenezwa kisu chepesi cha kukunja kiitwacho higonokami, ambacho watoto wa shule walichongea penseli. Oktoba 1960 mwanasiasa Inejiro Asanuma aliuawa jukwaani na kijana wa miaka 17 kwa upanga mfupi, ikafuata kampeni ya kuwaondolea watoto visu, na higonokami ikaporomoka. Leo sheria ya huko inakataza kubeba kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu halali, isipokuwa aina chache. Nchi inayosifiwa kwa visu ndiyo inayovidhibiti vikali.

Higonokami ina funzo jingine kwa wahunzi wa Goma. Haina kufuli wala springi. Ni bapa moja, pini moja na kipande cha bati kilichokunjwa kuwa mpini. Kutengeneza kitu hicho kwa resori iliyotiwa moto vizuri hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji tupa, mafuta, subira, na alama ya fundi kwenye bapa, ili kisu kikivunjika mteja ajue mlango wa kubisha.

Alama hiyo ndiyo iliyoipa Seki jina lake. Huko jina la fundi linachorwa kwenye chuma, na fundi anaishi na matokeo yake. Murara bado watu wanalipia jina la nchi ambayo kisu hakijawahi kuiona, na muhunzi anayefanya kazi nzuri mtaani anauza bila jina.