Kuliko Faranga

Faranga moja humfaa maskini siku moja. Urafiki humfaa zaidi.

Mwaka 2004, huko Kinshasa, watengenezaji wawili wa sinema, Wafaransa Renaud Barret na Florent de La Tullaye, walikutana na Staff Benda Bilili, wanamuziki wa barabarani, wengi wao wamepooza miguu. Hawakuwatupia fedha na kwenda zao, bali waliwarudia miaka mitano. Roger Landu, kijana wa barabarani, alipiga uzi mmoja uliofungwa juu ya kopo. Mwaka 2010 sinema yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa.

Jina lao la Kilingala latuagiza kutazama kilicho nyuma ya sura. Basi, yule apigaye likembe sokoni kwetu Wamaza, nani amekwisha kumwuliza jina lake?