Kabla ukope ununue lenzi mpya, uliza wazee wa kwenu

Wiki jana kijana mmoja wa Miathene alinitumia ujumbe usiku. Anapiga picha za harusi na matanga kama mimi, na alikuwa ameidhinishiwa mkopo wa simu wa Sh40,000. Swali lake lilikuwa fupi: "Bro, ninunue lenzi gani?" Nikamwambia asinunue yoyote kwanza. Hajanijibu hadi leo, na najua maana yake.

Basi namjibu hapa, pamoja na wasee wote wanaonisimamisha stejini Kianjai kuuliza kuhusu ile kamera yangu ndogo nyeusi na lenzi yake ya rangi ya sufuria.

Tuanze na kamera, maana ndiyo huzua maneno. Ni Leica M8, toleo la 2006. Sikuinunua na sijawahi kushika pesa za kuinunua. Mjomba alirudi kutoka Ujerumani akaniachia, mwaka uleule nilioacha chuo kwa kukosa karo. Mama alitaka iuzwe siku hiyohiyo nirudi darasani. Bado anataka. Huo mjadala haujaisha nyumbani kwetu na sitajifanya nimeushinda.

M8 ni renjifainda ya dijitali. Huwezi kuona picha kwenye skrini ya nyuma kabla ya kuipiga. Unachungulia dirishani, na katikati kuna kiraka chenye taswira mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka zikae moja juu ya nyingine. Zikikutana, umelenga. Epson ndio waliotangulia kuuza kamera ya dijitali ya aina hii, R-D1, mwaka wa 2004. Leica wakafuata miaka miwili baadaye na M8 yenye megapikseli 10. Ndiyo, simu yako ina nyingi zaidi. Tulia.

Utamu wake ni kwamba inakubali lenzi za kale. Zile za skrubu ya milimita 39, zilizotumika hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zinaingia kwa adapta, ambayo ni pete nyembamba tu ya chuma. Lenzi iliyotengenezwa kabla babu yako hajaoa inaweza kupiga harusi leo na picha zikawa WhatsApp jioni. Kazi ni kuchagua ipi.

Mjomba aliacha pia Elmar ya milimita 50, ile inayorudi ndani kama shingo ya kobe. Ukoo wake ulianza miaka ya 1920, kwa mchoro wa Max Berek. Ni ndogo, inapendeza, na jua la saa sita la Kianjai likiwaka inatoa picha safi kabisa. Sasa ipeleke ndani ya kanisa la mabati lenye madirisha manne. Tundu lake kubwa kabisa ni f/3.5, kwa hivyo mwanga unaoingia ni kidogo. Inabidi upandishe ISO, na M8 ikishapita 640 giza huanza kujaa chembechembe kama uji uliopikwa kwa haraka. Tena ya kwangu, ili ubadilishe tundu, lazima usukume kijiti kidogo mbele ya kioo kwa ukucha. Bibi harusi hakungoji umalize na ukucha.

Nikajaribu bahati Nairobi. Muuzaji mmoja alikuwa na lenzi ya Kijapani ya miaka ya 1950, f/1.8, na bei niliyoweza kuifikia. Nilipanda matatu alfajiri. Kufika, nikamulika kioo kwa tochi ya simu kutoka nyuma, na ndani kulikuwa na ukungu mweupe kama dirisha la bafu. "Hiyo ni vumbi tu, boss," akaniambia. Nikarudi Meru na pesa zangu, nikiwa nimepoteza nauli pekee. Hiyo tochi ya simu ndiyo fundi wako wa bure. Ukiona ukungu, au vitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha. Huku chini ya Nyambene, mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza, kuvu hainaga haraka lakini haiachi.

Lenzi niliyochagua ilikuwa imekaa kilomita mbili kutoka nyumbani muda huo wote.

Kuna mzee hapa kwetu, mwalimu mstaafu wa sayansi. Sote tunamwita Mwalimu, hata wale hakuwafundisha. Miaka ya sitini, vijana wa Kenya walipokuwa wakienda Marekani kwa ndege za wanafunzi, wengine walielekea upande wa pili, nchi za Kisovieti, wengi wakisaidiwa na Jaramogi Oginga Odinga. Mwalimu alisoma Moscow, kwenye chuo kikuu kilichoanzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Alirudi na shahada, koti zito ambalo Kianjai halina kazi, na kamera ya filamu ya Zorki-4. Kamera ilikufa zamani. Mbele yake bado kuna lenzi inayoitwa Jupiter-8, milimita 50, f/2.

Historia yake inachekesha kidogo. Mchoro ni wa Mjerumani Ludwig Bertele wa Zeiss, wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vita vilipoisha 1945, Wasovieti walibeba mitambo na vioo kutoka Ujerumani, wakaanza kutengeneza zao. Lenzi ya Mwalimu ilitoka kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow. Kwenye lenzi hizi, tarakimu mbili za kwanza za nambari yake mara nyingi ndizo mwaka wa kutengenezwa. Yake inaanza na 63. Nilipomwambia alicheka, akasema, "Kumbe tulipata uhuru pamoja."

Mbona hii? Kwanza f/2 inaniwezesha kanisani. Pili, kihisi cha M8 ni kidogo kuliko fremu ya filamu, kwa hivyo milimita 50 inaona kama 67 hivi, upana mzuri wa kupiga uso bila kumsongea mtu puani. Ina visu tisa vya kufungia tundu, na nyuma ya kichwa cha mtu migomba inayeyuka polepole, haikatikikatiki. Ngozi zetu inazipenda. Lenzi nyingi mpya zinachora kila kinyweleo kama ripoti ya polisi. Hii inaona makunyanzi, na inayaheshimu.

Sasa kasoro zake, maana sijalipwa na mtu. Haikaribii chini ya mita moja. Ukiielekeza kwenye jua picha nzima inafifia. Na kipimo cha Wasovieti hakilingani sawasawa na cha Leica, kwa hivyo ukiwa karibu na tundu likiwa wazi kabisa, kiraka kinasema umelenga na picha inakataa. Nilipanga magunzi sita kwenye benchi, nikalenga la tatu, likatoka la nne. Siku hizi nikiwa karibu nabana hadi f/4, na nikibaki f/2 nasogeza kichwa changu kidogo kabla ya kubofya. Ilinichukua miezi miwili kujua "kidogo" ni kiasi gani.

Kuna na hadithi ya zambarau. M8 inajulikana kwa kuruhusu miale ya infraredi kupita, na nguo nyeusi za polyester zinatoka zambarau. Dawa ni kufunga filta maalumu mbele ya lenzi, na Leica wenyewe waliwapa wanunuzi filta mbili bure. Mjomba alinionya. Jupiter inataka filta ya milimita 40.5, yake ilikuwa ya milimita 39, nami nikaona nitatafuta baadaye. Kosa ni langu mia kwa mia. Kwaya nzima yenye suti nyeusi ilitoka na rangi ya Kwaresima, na harusi ilikuwa ya Agosti. Nikabadilisha picha zote kuwa nyeusi na nyeupe, nikawaambia ndiyo fasheni. Mwenyekiti wa kwaya hajaniamini mpaka leo, ingawa picha aliiweka ukutani.

Mwalimu hakuniuzia lenzi. Alinipa kwa sharti, na sharti ndilo lililonifanya niandike haya.

Mnajua picha za matanga. Mzee wa miaka 80 anafariki, familia inatafuta picha ya kuweka mbele ya programu ya mazishi, na kinachopatikana ni ya kitambulisho. Inakuzwa mpaka uso unakuwa miraba, macho yametoka kama ya mtu aliyekamatwa. Hiyo ndiyo sura ya mwisho tunayompa mtu aliyelea ukoo mzima. Nimeitengeneza mara nyingi kwa pesa, na kila mara naona aibu. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa akipiga watu picha studioni tangu miaka ya 1940, watu wanavaa, wanachana nywele, wanakaa kwa heshima zao. Hawa wetu walipita katikati: studio zilikufa, simu zikaja, na simu zinapiga wajukuu.

Kwa hivyo Mwalimu aliandika orodha ya majina 41 ya wazee wa pande hizi wasio na picha ya maana, akanipa pamoja na lenzi. Nimemaliza 27. Wawili walitutoka kabla sijafika. Jina lake mwenyewe ameliweka mwisho na hakubali nilipandishe.

Rudi sasa kwa mkopo wako, kijana wa Miathene. Doh za huku zinafuata miraa. Uingereza ilipopiga marufuku 2014 tuliona. Somalia ilipofungua tena soko Julai 2022 tuliona pia, harusi zilirudi na watu wakaanza kuulizia video. Soko hufungwa na kufunguliwa na watu wasiotujua. Mkopo wa simu haujali hayo, siku yake ikifika unatumiwa ujumbe, kisha wanapigiwa simu hata shangazi zako. Kuweka deni la siku 30 juu ya mapato ya msimu ni kujinyonga kwa waya wa chaja.

Najua utasema lenzi ya zamani haijilengi, na mteja anataka droni. Kweli. Nimepoteza kazi mbili kwa sababu hiyo, moja hapo Nchiru wakati wa mahafali, na iliniuma. Sisemi uache kununua vifaa maisha yako yote. Ila kamera yako ndogo ya mitumba isiyo na kioo cha ndani inapokea adapta ya skrubu ya 39, huhitaji Leica yoyote. Anza kwa kuuliza nyumbani nani aliwahi kuwa na kamera. Walimu, makarani wa zamani, makatekista, waliofanya kazi reli. Beba tochi ya simu na adabu.

Mama naye alimwona shangazi yake kwenye zile 27. Aliikazia macho ile picha muda mrefu, kisha akaniuliza M8 ingeuzwa ngapi kwa sasa. Nilimwambia ukweli, akaenda kuchota maji.

Jumanne nina bibi mmoja njia ya Muthara. Ameagiza nije akishatoka sokoni, na anataka viatu vyake vipya vionekane. Nyumba yake ni ndogo, na kwa lenzi hii itabidi nirudi nyuma mpaka kwenye zizi la mbuzi.