Duka la Shule ni Darasa la Uongozi

Shule nyingi za msingi zimewahi kuwa na duka dogo la kuuza madaftari, kalamu, sabuni na mazao ya shamba la shule. Kwa kawaida mwalimu ndiye ashikaye ufunguo, aagizaye bidhaa, apangaye bei na ahesabuye fedha. Kazi ya mwanafunzi ni kusimama nyuma ya meza na kuuza. Kwa maoni yetu, duka la namna hiyo huweza kuipatia shule faida kidogo, lakini halimfunzi mtoto uongozi.

Jambo hili si dogo. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua shughuli za shule yao, wala wasiwe vibarua. Miaka tisa baadaye, mwaka 1976, Tanzania iliendesha Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na mahali pake pashikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla jipya halijawa tayari. Bidhaa zikaadimika, na mwaka uleule operesheni ikasitishwa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja yatuhusu sisi walimu: watu waliojua kuendesha duka la wengi kwa hesabu za wazi walikuwa wachache. Ujuzi huo hauwezi kuletwa kwa amri. Hauna budi kupandwa mapema.

Basi mwanachuo afanye nini atakapokabidhiwa duka la shule? Kwanza, awagawie wanafunzi madaraka halisi: msimamizi, muuzaji, mtunza fedha, mtunza ghala na mkaguzi. Pili, madaraka hayo yabadilishane kila mwezi, na makabidhiano yafanywe kwa kuhesabu mali mbele ya wote. Anayetoka amfundishe anayeingia kwa muda wa juma moja, kwani kiongozi asiyeandaa mrithi wake hajamaliza kazi. Tatu, kamati ya wanafunzi iamue nini kiagizwe, na itoe sababu zake.

Hesabu yenyewe ni somo. Tuseme juma lilianza na madaftari 60, yakaongezwa 40, na Ijumaa yamebaki 35. Yaliyotoka ni 65. Kwa bei ya shilingi 500 kila moja, sandukuni zitazamiwe shilingi 32,500. Zikionekana 30,500, pana upungufu wa shilingi 2,000, yaani thamani ya madaftari 4. Hapa ndipo mwalimu hupimwa. Akitoa fedha mfukoni kuuficha upungufu, ameua somo. Akishika kiboko kabla ya kuuliza, amewafundisha watoto kusema uongo. Aiache kamati itafute: je, kuna aliyekopeshwa bila kuandikwa? Chenji ilikosewa? Daftari liliharibika ghalani? Au mtu amechukua? Mtoto aliyewahi kusimama mbele ya wenzake na kueleza fedha yao ilikwenda wapi amejifunza uongozi zaidi ya yule aliyekariri maana yake ubaoni.

Wako watakaosema kwamba watoto watalitia duka hasara. Hatukatai. Lakini hasara yaweza kuwekewa mpaka: mtaji uwe mdogo, sanduku lifunguliwe na watu wawili, na mwalimu abaki mkaguzi wa mwisho. Hasara ya madaftari manne shuleni ni karo nafuu, ikilinganishwa na ile ya chama kizima cha ushirika kilichoangukia mikononi mwa viongozi wasiojua, au wasiotaka, kutoa hesabu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunawasihi wanachuo wasiishie kuifundisha methali hii katika kipindi cha Kiswahili. Wawape wanafunzi daftari, wawape na ufunguo.