Zahanati Ipo, Waume Wako Wapi?

 

Ndugu Waislamu, lipo tangazo linalosomwa misikitini mwetu mara kwa mara baada ya sala ya Ijumaa na ambalo halimshughulishi mtu: kwamba siku fulani ni ya kliniki ya wajawazito na watoto, au kwamba wahudumu wa chanjo watapita vijijini. Ukitangazwa mchango wa mabati, watu huinua shingo. Likitangazwa la kliniki, wanaume huanza kutafuta viatu vyao, kwa dhana kwamba hayo ni mambo ya wanawake na yatawafikia wanawake kwa njia zao. Makala haya yanaihusu dhana hiyo, kwa sababu ni dhana yenye kuua.

Wengi wetu hapa Mazinde tunaijua zahanati kama pahala pa kupeleka homa iliyokwisha kushindikana nyumbani. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya zahanati ni kwa watu ambao hawajaugua. Mjamzito anapofika mara ya kwanza hupimwa wingi wa damu, shinikizo la damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI. Hupewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, chandarua chenye dawa, na ikifika miezi yake, vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Mtoto akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Kisha hufuata sindano moja yenye kinga ya maradhi matano, iliyoanza nchini mwaka 2009, na chanjo za nimonia na za kuhara zilizoanza mwaka 2013. Mwenye kifua kikuu hupewa dawa za miezi sita bila malipo. Mwenye kisukari au presha hufuatiliwa hali yake, na pale ambapo zahanati haina uwezo huelekezwa Kituo cha Afya Mombo au Hospitali ya Magunga, Korogwe. Kwa mujibu wa sera ya afya ya mwaka 2007, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutibiwa bila malipo, ingawa sote tunajua kwamba dawa zikimalizika mgonjwa huandikiwa akanunue dukani, na bure hiyo ikawa na bei.

Huko pia hutolewa elimu ya kupanga uzazi, na baadhi yetu hulitaja jambo hili kwa kunong'ona kama kwamba ni hila ya maadui. Masahaba walifanya azl zama za Mtume (s.a.w.), na riwaya ya Jabir (r.a.) juu ya hilo ni sahihi. Kupisha baina ya mtoto na mtoto kwa maafikiano ya mume na mke si sawa na kukata kizazi bila dharura, na asiyetenganisha mawili haya asijitwike kutoa fatwa.

Turudi kwa mjamzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba takriban robo tu ya wajawazito nchini walihudhuria kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Waliobaki walikuja mimba ikiwa imekwisha kuonekana, wengine mwezi wa tano au wa sita. Haidhuru kusema kwamba hali imesogea: utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 81 katika kila 100 wanajifungulia katika vituo vya huduma, kutoka 63, na vifo vya uzazi vikashuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556. Hayo ni mafanikio makubwa na ni haki kuyataja. Lakini kuchelewa kuanza kliniki ni jambo jingine, nalo lina gharama yake. Kaswende ikigunduliwa mapema hutibika kwa sindano; ikicheleweshwa huua mtoto tumboni au huzaliwa naye. Upungufu wa damu hauondoki kwa vidonge vya wiki mbili, na mwanamke aliyeingia chumba cha uzazi akiwa hana damu hufishwa na mtoko ambao mwenziwe angeuhimili. Virusi vya UKIMWI, mama asipotumia dawa, humfikia mtoto katika mimba 15 hadi 45 kwa kila 100. Akitumia dawa ipasavyo huwa chini ya 5. Kwa watu wa uwandani kama sisi, chini ya milima ya Usambara, kuna na malaria, ambayo hujificha katika kondo la nyuma bila mama kuhisi homa, na mtoto akazaliwa mdogo na dhaifu.

Sasa, nani anayemchelewesha mwanamke huyu? Aghalabu si ujinga wake. Anazijua dalili kabla ya mtu yeyote. Lakini nauli iko mfukoni mwa mume, na ruhusa iko mdomoni mwake. Mume akiambiwa husema subiri tuvune, au subiri mshahara, au mama yangu alizaa tisa wala hakuijua kliniki. (Ukimwuliza huyo bibi wangapi walikua katika hao tisa, utasikia jibu jingine.) Mkata mkonge hulipwa kwa kazi aliyoimaliza, siku ya kumsindikiza mke ni siku isiyo na chochote, na hili nalisema kwa kumwonea huruma na wala si kwa kumkejeli. Hata hivyo matunzo ya mke ni wajibu wa mume, na mwenye kumzuia mke asiende kliniki huku yeye mwenyewe akipuuza kumpatia badala yake, ajiandae kuulizwa juu ya amana hiyo.

Kwa upande wa pili, imeripotiwa katika sehemu mbalimbali za nchi kwamba mjamzito asiyefika na mume wake hurudishwa, au hutakiwa kuleta barua ya mtendaji wa kijiji. Makusudio ni mema: wote wawili wapimwe pamoja. Lakini mke wa msafiri, mjane na aliyetelekezwa wanaadhibiwa kwa kosa lisilo lao, na baadhi yao hawarudi tena hadi uchungu uwashike. Wajumbe wa kamati za zahanati wanaosali pamoja nasi walizungumze jambo hili katika vikao vyao.

Baada ya hapo hutajwa stara. Mwislamu husema: nitampelekaje mke wangu akaguswe na mwanamume? Swali hili ni zito na lina majibu katika fiqhi. Lisifanywe pazia la uvivu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao Jeddah ilipokutana Brunei mwaka 1993 iliweka mpangilio ulio wazi: asili ni mwanamke kutibiwa na tabibu mwanamke Mwislamu, asipopatikana, mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu, kisha tabibu mwanamume Mwislamu, kisha asiye Mwislamu. Sharti ni kwamba aone kiasi cha haja tu, na kusiwe na faragha, bali awepo mume, maharimu au mwanamke wa kuaminika. Mpangilio huo haukuishia kwenye kumwacha mwanamke afe nyumbani kwa jina la stara. Maulamaa walijua wanachokisema. Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) alikuwa na hema lake la kuwauguza majeruhi ndani ya Msikiti wa Mtume, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa humo. Na Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, iligharimiwa kwa wakfu, ikawa na wodi za wanaume na za wanawake.

Basi tujiulize bila kuoneana haya. Tunataka mkunga mwanamke tena mwenye hijabu, atatoka wapi? Mkunga haokotwi. Ni binti aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu baiolojia na kemia, akasomeshwa uuguzi. Hapa hapa wilayani, Korogwe mjini, kuna chuo cha uuguzi. Nikitazama mabinti wanaohitimu madrasa zetu, walio na akili za kuhifadhi juzuu kwa mwezi, naona wangapi wanaachishwa shule wakafika kidato cha pili, kwa posa au kwa hoja kwamba mwanamke kazi yake jikoni. Baba anayemwachisha binti yake shule, kisha akafika zahanati akanuna kwa kumkuta mganga mwanamume, amenunia kazi ya mikono yake. Katika faradhi za kutosheleza, kama ilivyo elimu ya mirathi, tabibu wa wanawake imo. Na katika kata nzima ikiwa hajapatikana hata mmoja, dhambi hiyo haimwachi mtu.

Lipo na la Ramadhani. Wenye kisukari na presha wengi huacha dawa mfungo ukiandama, na hufanya hivyo kwa nia njema. Waende kliniki mwezi wa Shaaban, wamweleze mganga kwamba wanakusudia kufunga, wapangiwe dawa za futari na daku, au waambiwe kwamba swaumu itawadhuru, na hapo ruhusa ya mgonjwa ni ya Mola wao, haikutungwa na zahanati. Mjamzito na mwenye kunyonyesha nao wana ruhusa hiyo wakichelea madhara.

Kuhusu chanjo, kwa kuwa uvumi haukomi, nitataja kisa kimoja. Mwaka 2003 viongozi wa jimbo la Kano nchini Nigeria walisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba inaua uzazi. Ilirejeshwa mwaka 2004, baada ya kuletwa chanjo kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu. Muda huo virusi vilivuka mipaka hadi nchi nyingi, pamoja na Yemen, Indonesia yenyewe na Saudia, na waliopooza kwa wingi walikuwa watoto wa Kiislamu. Kwetu Korogwe tuna sababu ya kuwa mbele katika hili: kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa wilaya hii walikuwa miongoni mwa zaidi ya 15,000 wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria, ile iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.

Limebaki la usiku. Zahanati haina chumba cha upasuaji. Mtoto akikwama au damu ikitoka bila kukoma, mama hana budi kupelekwa Mombo au Magunga. Mchana magari ya barabara kuu yapo. Usiku wa manane ni bodaboda, au kubembeleza mwenye gari. Mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchini mwaka 2022, una namba 115 inayopigwa bila malipo kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Gari la wagonjwa likikosekana huitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa, naye hulipwa na mpango. Napendekeza mambo mawili kwa kamati za misikiti. Kwanza, namba hiyo iandikwe kwa wino mkubwa karibu na ratiba ya sala, na waumini wenye magari waende wakajiandikishe. Pili, sehemu ya sadaka ya Ijumaa moja katika kila mwezi iwekwe kando kwa ajili ya nauli za wajawazito mafukara, wakiwemo wasio na waume, na mhazini asome hesabu yake hadharani kama anavyosoma ya mabati.