Luvumbu achukuliwe, lakini timu isinunue mkono wake wa mdomoni

KISANGANI, Februari 2024. Tangu Jumanne, wabunge wa kusimama wa mji huu hawana habari nyingine. Bei ya mchele wameiacha, hata zile penalti za Afrika Kusini zimesahaulika. Ubishi ni juu ya mtu mmoja, Héritier Luvumbu, kiungo aliyetoka Kigali bila kazi. Je, timu ya Kongo imchukue? Na ikimchukua, ni kwa miguu yake au kwa kile alichokifanya kwa mikono?

Kwa waliokosa habari, hasa ndugu walio kwenye makambi ambako kuchaji simu ni kwa pesa: Jumatano tarehe 7 Februari, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika mjini Abidjan, Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimegusa kichwa kama bunduki. Watu wa mashariki hawakuhitaji mkalimani. Watu wanauawa na dunia imenyamaza. Kodivaa ilishinda 1-0, lakini picha ile ndiyo iliyobaki. Siku tatu baadaye vijana walewale walirudi uwanjani kutafuta nafasi ya tatu, hakuna aliyefungiwa.

Jumapili tarehe 11, Luvumbu alifunga bao akiwa na Rayon Sports katika ligi ya Rwanda, akafanya ishara ileile, Kigali, mbele ya watu wa Kigali. Jumanne tarehe 13 shirikisho la mpira la Rwanda, FERWAFA, likamfungia miezi 6. Rayon ikaachana naye. Ishara moja, wiki moja. Abidjan ilikuwa maombolezo, Kigali ikawa kosa.

Sababu iliyotolewa ni ileile ya siku zote, kwamba siasa haiingii kwenye mpira. Hapo mtu wa Kisangani ana haki ya kucheka kidogo. Timu aliyoifunga siku hiyo ni Police FC, timu ya polisi. Timu kubwa ya nchi ile ni APR, timu ya jeshi, na herufi hizo tatu ni jina la Armée Patriotique Rwandaise, jeshi ambalo wakaaji wa mji huu walilijua mwezi wa 6 mwaka 2000, lilipopigana na lile la Uganda siku sita katikati ya nyumba, shule na makanisa yetu. Jina la jeshi linavaliwa kifuani kila wiki na ni mpira. Maneno Visit Rwanda yaliwekwa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018, yakafuata PSG mwaka 2019 na Bayern mwaka jana, hayo nayo ni mpira. Mtu mmoja anafunika mdomo wake mwenyewe, hiyo sasa ni siasa!

Na wale wa hapa wanaorudia maneno hayo ya FERWAFA, wakisema timu isichukue mtu wa matatizo, waulizwe lini mpira wa Kongo ulikosa siasa. Mazembe ni ya Moïse Katumbi, ambaye juzi tu, Desemba, alikuwa mgombea wa urais. Vita Club iliongozwa miaka mingi na Jenerali Gabriel Amisi, Tango Four. Jina hilo Human Rights Watch ililiandika mwaka 2002 kati ya makamanda wa RCD-Goma waliokuwa Kisangani wakati wa mauaji ya Mei 14, yale ya Mangobo na ya daraja la Tshopo. Kuna watu katika mji huu walioshangilia Vita miaka yote hiyo wakijua. Leo wanaona ugumu kumpokea kiungo ambaye hakumpiga mtu hata kofi?

Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi. Wapo wanaosema alikula mkate wa Kigali wakati M23 iko Bunagana tangu Juni 2022, na kwamba ujasiri wake umechelewa. Ni kweli alikuwa huko akilipwa. Lakini mama wa Goma anayevuka Petite Barrière asubuhi na beseni la nyanya kwenda Gisenyi naye anakula mkate huohuo, na hakuna anayemwita msaliti. Mfanyakazi huenda palipo na kazi. Angekaa kimya, angemaliza mkataba wake na kulipwa. Wengi waliofanya ishara ile wiki hii waliifanya mbele ya televisheni, chupa iko mezani, wala haikuwagharimu faranga moja. Yeye aliifanya mahali ambapo gharama ilikuwa wazi. Kuchelewa siyo sababu ya kumwacha barabarani.

Marekani walishapita njia hii. Mwaka 2016 Colin Kaepernick wa San Francisco 49ers alikataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa, kisha akapiga goti, kwa sababu ya watu weusi wanaouawa na polisi. Mpira wao ni ule wa mkono, na yeye alikuwa kwarterbeki, yule anayepokea mpira wa kwanza na kuamua utarushwa wapi. Kila timu hutafuta mtu wa namna hiyo. Machi 2017 alikuwa huru kuchukuliwa na yeyote, mashabiki wa mji baada ya mji wakabishana kama Boyoma inavyobishana leo. Mpaka leo hakuna timu iliyomsainisha. Februari 2019 alipatana na ligi juu ya mashtaka yake kwamba walikuwa wameelewana kumfungia mlango. Hakuna rais wa timu aliyethubutu kusema mbele ya watu kwamba anamkataa kwa ajili ya goti. Walisema tu kwamba hawamhitaji, ligi nzima. Timu za Kongo zikianza kusema hivyo juu ya Luvumbu, mashabiki wajue wanasikiliza wimbo gani.

Basi achukuliwe. Malekesa ikiwa na uwezo, imchukue Malekesa. Nika, Makiso, Vita, Mazembe, yeyote. Apimwe kama wengine, akimbie mazoezini, daktari amtazame magoti, alipwe kadiri anavyocheza.

Hapo ndipo upande wa pili nao unapotea njia. Wako wanaotaka anunuliwe kama bendera. Apewe pesa mara mbili, apokelewe kwa fanfari, viongozi wajipange kupiga naye picha mkono mdomoni. Na wenzake katika chumba cha kuvalia wanaodai mishahara ya miezi? Timu isiyolipa kipa wake haiwezi kumlipa mtu kwa sababu ya ishara, kisha ikaita hiyo mapenzi ya nchi. Msimu ujao akikosa penalti, mashabiki walewale watasema shujaa gani huyu.

Tena kuna wengine, wachache lakini wana sauti, wanaotumia jina lake kuwatukana majirani kwa sababu ya pua au lugha. Wamtazame vizuri. Vidole vile viliwekwa kwenye kichwa chake mwenyewe, havikuelekezwa kwa jirani. Boyoma ina makaburi ya kutosha ya watu walioambiwa kwamba sura yao ndiyo kosa.

Lakini neno gumu zaidi liko ng'ambo ya mto. Tangu 2023, katika komini ya Lubunga, Wambole na Walengola wanauana kwa ajili ya ardhi. Nyumba zimechomwa, watu wamekatwa kwa mapanga, familia zimevuka kwa mitumbwi na sufuria moja na watoto. Wengine bado wako kwenye makambi mjini humu, wengine wanalala sebuleni kwa shemeji ambaye naye hana kitu. Nani alifunika mdomo kwa ajili yao? Katika ubishi wote wa wiki hii mtu anaweza kusikia Sake mara mia, na inafaa, kwa sababu watu wa Sake wanakimbia wakati huu. Lubunga inasikika mara ngapi? Kwa toleka mpaka kivukoni, kisha mtumbwi, ndiyo safari yote.

Huku pia kuna ukimya ambao dunia haikuuleta. Mtu wa Kisangani analalamika, kwa haki, kwamba mahakama ya La Haye mwaka 2022 iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, lakini juu ya Rwanda ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka, kesi ikafungwa. Analalamika kwamba damu yake haikusikilizwa. Halafu anapita mbele ya kambi ya watu wa Lubunga akielekea kutazama mechi, wala hageuki. Baya zaidi, anauliza kwanza: hawa ni Wambole au Walengola? Kabla ya kujua kama wamekula.

Kwa hiyo komite yoyote itakayomsainisha Luvumbu, na mashabiki wanaotaka asainishwe, wana jambo rahisi la kufanya, lisilohitaji ruhusa ya Kinshasa. Siku atakapocheza uwanja wa Lumumba, na jezi yoyote ile, sehemu moja ya majukwaa iachwe kwa familia zilizokimbia, za pande zote mbili, bila tiketi. Kapu la pesa lipite getini, lihesabiwe mbele ya watu na wawakilishi wa kambi wakiwa pale. Lisipitie mfuko wa mtu yeyote wa komite. Wabunge wa kusimama, ambao hawachoki kusimama, wasimamie kapu hilo. Na mtumbwi wa kuwarudisha waliotoka ng'ambo ulipwe kabla ya mechi kuanza, maana baada ya saa kumi na mbili wenye mota hupandisha bei.