Neno la Mhariri: Ulianza Darasa la Ngapi?

Ukishuka kutoka Moshi kwenda Kahe, joto hukupokea kabla hujaiona stesheni. Stesheni yenyewe ni ndogo, ila reli zake zina mengi: moja waliijenga Wajerumani kutoka Tanga hadi Moshi, nyingine Waingereza waliisukuma kutoka Voi kupitia Taveta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili iungane nayo hapa. Mwaka 1916 majeshi yao yaliipigania Kahe kwa damu. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya ukimya. Mzigo unaotuhusu leo hausubiri treni. Unavuka kwa pikipiki, usiku, kwa njia za panya upande wa Holili, umefungwa kwa majani ya mgomba.

Mirungi. Vijana wa kijiweni wanaiita gomba. Wapo pia wanaoipanda huku kwetu, katika milima ya Upare wilayani Same, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwenda huko kufyeka mashamba. Sheria yetu inaikataza. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni zao halali, na huko Meru linasomesha watoto. Basi mjadala wetu umebaki kuwa wa mpakani: nani kakamatwa, na kilo ngapi. Umri wa anayetafuna hauulizwi.

Nguvu ya jani hilo ni katinoni, ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua mwaka 1975 katika majani mabichi. Ni ndugu wa amfetamini. Jani likinyauka, katinoni inapungua, ndiyo sababu ya yale majani ya mgomba na ya madereva wanaokimbia kama wamebeba mgonjwa. Ikifika kichwani, ubongo unamwaga dopamini: usingizi unaondoka, njaa inasahaulika, maneno yanakuja yenyewe. Kesho yake mtu mzima anaamka mnyonge na mwenye hasira. Mtoto wa miaka 13 ana jambo la ziada, kwa kuwa dopamini yake bado inatafuta njia.

Cecilia Flores na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wamelichunguza hili kwa panya kwa miaka mingi. Nyuzi za dopamini huanzia chini, katikati ya ubongo. Nyingi hukomea eneo la raha na tamaa; chache huendelea hadi nyuma ya paji la uso, palipo na kazi ya kujizuia, na safari hiyo ndefu hufanyika katika umri wa kubalehe. Kipokezi kinachoitwa DCC ndicho kinachouambia uzi ukomee wapi. Mtu wa Kahe ataelewa haraka: pale reli zinapogawanyika, aliyegeuza njia ndiye aliyeamua nani aende Moshi na nani aende Taveta. Panya dume walioanza kubalehe walipopewa amfetamini, DCC ilipungua, na nyuzi zilizopaswa kukomea njiani zikapitiliza hadi mbele. Walipokua, walishindwa kujizuia. Waliopewa baada ya umri huo hawakupotezwa njia namna hiyo, na majike walionekana kuwa na kinga yao.

Panya si mtoto wa shule, na amfetamini ya maabara si kitita cha mirungi. Na mzazi ambaye mwanawe ameandikiwa na daktari dawa ya jamii ya amfetamini ya kumsaidia kutulia asisome haya akaitupa dawa. Kipimo cha daktari ni habari nyingine.

Lakini tazama jinsi tunavyosema na vijana. Tunawaambia mirungi inaharibu ubongo, basi. Kijana anamtazama baba yake mdogo, anayetafuna miaka 20 sasa na bado anaendesha Fuso hadi Tanga na kurudi, anaona tumemdanganya. Akishatuona waongo kwa hilo, hatatusikiliza kwa lolote. Hakuna aliyemwambia kwamba baba mdogo huenda alianza akiwa na mke na watoto wawili, na yeye anaanza kabla sauti haijavunjika. Kusema “subiri” ni kugumu pale sheria inaposema “kamwe”, nalijua hilo, na wapo watakaoniandikia barua za ukali. Nitazisoma. Ila mkubwa anayemtuma mtoto akamnunulie, halafu akamwachia vijiti vya mwisho kama asante, huyo hakuna bango linalomgusa.

Waandishi wa toleo hili niliwaomba jambo moja. Kila watakayezungumza naye, awe utingo, mpanda pikipiki au mkulima wa mpunga, wamuulize alianza akiwa darasa la ngapi. Nilitaka darasa, si miaka. Miaka watu huikosea, lakini mwalimu wa darasa la sita hakuna anayemsahau.